Bambo la Wifi Yangu

Simpendi wifi yangu. Naanza na hilo kabisa, asije mtu akasikia namsimulia akadhani tumepatana. Hatujapatana, na kwa jinsi ninavyomjua na ninavyojijua, hatutapatana.

Ni dada wa mume wangu, mkubwa wake. Tumbo lile lile lililonizalia mume mpole, ambaye ukimkanyaga yeye ndiye anayekuomba radhi, ndilo lililomtoa huyo mwiba. Siku moja nilimuuliza mama mkwe, "Mama, hawa kweli ni wa baba mmoja?" Mama mkwe akacheka mpaka akajishika ubavu. Akasema, "Mwanangu, mimi nimezaa saba. Kila nikizaa nadhani sasa nimeshajua watoto wangu walivyo, halafu anakuja mwingine ananitoa ushamba." Nikabaki na jibu hilo, na mwiba wangu nikabaki nao.

Nilipoletwa kwenye nyumba yao, bibi harusi mbichi kabisa, wali wangu wa kwanza uliungua. Jiko la watu silijui, sufuria ya watu siijui. Mawifi wengine wakanicheka, wakasema kaka yetu kaoa mkaa. Yeye hakucheka. Angecheka ingekuwa afadhali. Alikula ule wali mpaka ukaisha, akanawa mikono, akasema mbele ya watu wote, "Wali mmoja hautoshi. Tungoje apike tena." Mmesikia? Mtu ameshaaibika, yeye anataka ushahidi zaidi! Kesho yake wali ukatoka mzuri, akanyamaza. Keshokutwa mchuzi ukazidi chumvi, akanyamaza vilevile. Zikapita siku nyingi ndipo akatamka, "Sasa wifi namjua kidogo." Wenzake wakamwona ana busara. Mimi nilimwona polisi.

Na hata ndoa yake aliiendesha hivyo hivyo. Aliolewa na dereva wa malori, mwanamume wa maneno matamu. Alipomfumania na mwanamke mara ya kwanza watu walimwambia, ondoka. Akasema mara moja inaweza kuwa ajali. Mara ya pili akasema huenda ni bahati mbaya. Alikaa na yule bwana anamtazama tu, kama mtu anayengoja maji yachemke, na siku aliyofunga virago hakupiga kelele wala hakulia, akarudi kwao, akapewa chumba cha uani. Chumba chenyewe kina kitanda, sanduku na kigoda kimoja. Kimoja! Maana yake mgeni ukienda utasimama.

Sasa kazi yake. Kazi yake ilimwenea mwilini kama ngozi, kwa sababu ni kazi ya kushuku. Alikuwa mchoma magunia kwenye ghala la maharage, ghala lile lile nilikokuwa nachambua mimi. Kama hujawahi kuona, bambo ni chuma chembamba chenye ncha, katikati kina mfereji. Unalichoma kwenye gunia, unalizungusha, unalivuta, linatoka na punje ndani yake. Yeye alikuwa analichoma gunia juu, katikati na chini, anamwaga punje kwenye sahani ya bati, anahesabu mia moja, halafu anaanza kutenga mbovu kwa kucha ya kidole kidogo. Punje iliyotobolewa na mdudu, mbovu. Iliyovunjika, mbovu. Iliyokunjamana kama uso wake, mbovu. Ghala zima lilimwita Bambo, na aliitika.

Sheria ya ghala ilikuwa rahisi, hata mlevi angeielewa. Katika punje mia, mbovu tano zinaruhusiwa. Zikizidi tano, mzigo unarudishwa, mnachambua upya bila malipo, na meza yenu inachorwa msalaba wa chaki ubaoni. Misalaba mitatu kwa msimu mmoja, meza inavunjwa. Wote mnatoka. Na pale getini kila asubuhi wamekaa wanawake na leso zao vichwani, wanangoja meza ivunjwe wakalie viti vyenu vikiwa bado vya moto.

Mimi ndiye niliyekuwa mkuu wa meza ya mlangoni. Tulikuwa saba. Na nitasema bila haya, hakuna meza iliyojaza magunia kama yetu, maana malipo yalikuwa kwa gunia, na mimi nilikuwa na hesabu yangu. Mbovu tano zinaruhusiwa, sivyo? Basi acha tano! Kwa nini ujitoe macho uzifikishe mbili? Zile tatu za juu utazifanyia nini, sadaka? Nilikuwa nachota konzi yangu, naangalia, najua hapa tumefika tano, nasema, "Haya jamani, jaza!" Tunachanganya vizuri kwenye turubai, koleo huku koleo kule, tunajaza. Jicho langu lilikuwa la uhakika. Kule nyuma kulikuwa na meza ya wanawake wazito tuliowaita Makonokono. Wao walichambua kama wanasuka nywele za bibi harusi, na sisi tukimaliza magunia matatu wao ndio kwanza wanafunga la pili. Tulikuwa tunawaimbia.

Basi siku moja Bambo akaja kwenye mzigo wetu. Akachoma, akamwaga, akahesabu. Akasema, "Saba." Akaenda ubaoni, akachora msalaba, akapangusa chaki kwenye kanga yake, akaenda zake meza nyingine. Hakuna hata "pole, wifi".

Nilimfuata. "Saba zimetoka wapi? Mzigo wa jana ulipata nne. Mikono ni ile ile, maharage ni ya shamba lile lile, turubai lile lile. Jana nne, leo saba?"

"Jana ilikuwa jana," akasema, wala hakugeuka.

"Na kabla ya hapo tulipata tano, na tatu! Una nini na mimi?"

"Sina kitu na wewe. Nina kitu na punje."

Ndivyo anavyoongea. Ukimuuliza jambo la watu wazima anakujibu kama unampotezea muda.

Jioni nilimwambia mume wangu, dada yako ananiwinda. Akasema labda kweli zilikuwa saba. Nikamwambia, kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe umenivika wewe. Akachukua chakula chake akaenda kulia nje.

Msalaba wa pili haukukawia. Safari hiyo alisema "Nane," na Tulia, mwenzetu mmoja mnene ambaye hata nyoka akimpitia miguuni hasimami, siku hiyo alisimama. Tukabaki na msalaba mmoja tu kati yetu na geti. Wenzangu wakaanza kunitazama. Mmoja ana mama mgonjwa, mwingine ana mapacha, na Tulia ndiye anayewalisha nduguze wote. Nikaona hapa nikikaa kimya nitakula jeuri yangu. Nikaenda moja kwa moja kwa bosi wa ghala.

Bosi wetu alikuwa mtu wa haraka. Hata chai alikuwa anainywa amesimama. Nikamwambia, "Bosi, Bambo ni wifi yangu, na wifi ananichukia, kila mtu hapa anajua. Gunia moja haliwezi kuwa na majibu mawili. Akitaka kutuonea anachoma penye mbovu. Mwambie achome tena, hapa hapa, mbele yako."

Bambo akaitwa. Akachoma lile lile gunia lililotoa nane. Akahesabu mbele ya macho yetu. Nne!

Wee! Nilipiga kigelegele mpaka Makonokono wakaacha kazi. "Mmeona? Mmeona jamani? Nane imekuwa nne! Leo nyani kaliona kundule!"

Bosi akamgeukia. "Unasemaje?"

"Nasema nikichoma mara ya tatu itatoka nyingine," akasema Bambo. "Na ya nne, nyingine. Gunia lina maelfu ya punje, mimi nachukua mia. Zile mia hazijaitwa kwa majina. Zinazokuja ndizo zinazokuja."

"Kwa hiyo kazi yako ni kubahatisha?" bosi akauliza.

"Kazi yangu ni kuchoma. Kama hamniamini, mpe yeye bambo."

Akanisukumia lile bambo. Na mimi nikalishika, kwa nini nisilishike? Nikalizamisha juu, katikati, chini, kama alivyofanya yeye. Tukahesabu mia. Mbovu mbili! Nikacheza pale pale, nikazunguka na sahani kichwani, wenzangu wakapiga makofi. Mbili! Mkono usio na chuki huo!

Bosi akasema, "Rudia."

Nikarudia, huku bado nacheka. Tukahesabu. Tukahesabu upya. Zilikuwa tisa.

Tisa, na mkono ni wangu mwenyewe. Nikalitazama lile bambo, nikasema jambo la kwanza lililonijia, "Hiki chuma kimelogwa." Watu wakaangua kicheko, na Makonokono ndio waliocheka kwa sauti kuliko wote. Bambo hakucheka. Alinyoosha mkono akachukua bambo lake, akalipangusa, kana kwamba mimi ndiye niliyelichafua.

Bosi akachoka na sisi. Akasema, "Mwageni." Gunia zima la kilo mia, likamwagwa kwenye turubai. Akazikalisha meza mbili, yetu na Makonokono, tukaambiwa tutoe kila punje mbovu, tusibakize hata moja. Tulichambua mpaka viuno vikalia. Mbovu zote zikatiwa kwenye ndoo, ndoo ikapelekwa kwenye mizani. Kilo tano kasoro kidogo.

"Kilo tano kwa mia," bosi akasema. "Mko ndani ya ruhusa. Gunia ni halali." Akamtazama Bambo. "Gunia halali umeliandikia nane. Umewachorea watu msalaba wa bure."

Hapo ndipo yule mwanamke alipoongea maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia akiyasema kwa mpigo mmoja. "Gunia lina tano. Ukichota mia unadhani utapata tano kila mara? Utapata huku kidogo na kule kidogo, mara tatu, mara saba, na siku moja moja tisa. Sikuzipanga mimi. Hawa wamechambua wakasimama pale pale ukingoni, hawakuacha hata nafasi ya kuweka mguu. Sasa kila nikichoma, ni kama wamerusha shilingi. Makonokono wanaacha mbili. Na wao nikiwachoma wanapata moja, wanapata nne, siku nyingine sifuri. Na kwao majibu hayafanani. Lakini mmewahi kuona msalaba wao?"

Mimi nilisema, "Debe tupu haliachi kuvuma."

Na bosi alikuwa upande wangu. Alisema hawezi kumweka kwenye bambo mtu ambaye majibu yake yanatangatanga. Alitaka mtu wa jibu moja. Akafuta msalaba wetu wa pili, akatuachia ule wa kwanza. Bambo akavuliwa bambo. Na kwa kuwa bosi alijiona mcheshi, akasema, "Tangu kesho utachambua. Kaa meza ya wifi yako, mkapendane."

Nilirudi nyumbani siku ile nimevimba kwa furaha. Nilimsimulia mume wangu yote, na nane, na nne, na ngoma niliyocheza. Ile tisa niliipitia haraka haraka. Alinisikiliza, halafu akauliza, "Kwa hiyo dada hana kazi yake tena?" Nikasema hana. Akaenda uani akakaa na dada yake mlangoni pa chumba chake, yeye chini, dada kwenye kile kigoda. Hawakuongea. Watu wa nyumba ile huwezi kujua kama wamekasirika au wanapumzika.

Aliyekuja badala yake tulimwita Mama Pole. Mwanamke mnyenyekevu, sauti ya asali, ametoka ghala jingine, hajui nani wifi ya nani. Alituchoma mara ya kwanza, akasema, "Tatu, wapendwa wangu." Mnaona raha ya kuchomwa na binadamu? Mara ya pili akasema, "Tano, hongereni." Nikamtupia jicho Bambo, aliyekuwa amekaa mwisho wa meza yetu na sinia lake. Hakuinua kichwa.

Mara ya tatu Mama Pole akahesabu, akahesabu tena, akaweka mkono kifuani. "Saba. Poleni sana, jamani. Poleni mno." Akaenda ubaoni polepole, akachora msalaba mdogo, kana kwamba ukiwa mdogo hauumi.

Nilimwendea mbio. "Nani kakutuma?" nikamuuliza. "Huyu? Kakupa nini?"

Mama Pole akashangaa mpaka akarudi nyuma. "Dada, mimi hata jina lako silijui."

Na kweli hakulijua. Yule mwanamke hakuwa na sababu yoyote ya kunichukia, na saba yake ilikuwa saba ile ile ya wifi.

Sasa tulikuwa na misalaba miwili, na huu wa pili hakuna wa kuufuta. Getini wanawake wa leso walikuwa wameanza kutusalimia kwa uchangamfu, na mtu anayengoja kiti chako akikusalimia kwa uchangamfu, mwili unasisimka. Bosi akatangaza kwamba meza yenye misalaba miwili itachomwa gunia kwa gunia, na kila gunia liandikwe aliyelichambua. Gunia moja likifeli, meza yote nje.

Asubuhi ile Bambo hakunisalimia. Alikaa, akalivuta sinia la Tulia kutoka mapajani mwake, sinia ambalo mimi nilikuwa nimeshalikagua na kusema "jaza". Akalimwaga mezani, akaanza kulichambua upya.

"We! Hilo limeshapita," nikasema.

"Limepita kwako."

"Lina tano! Sheria inasema tano!"

"Basi kaa na sheria. Mimi nataka mbili."

"Tukichambua kama Makonokono tutajaza nini? Tutakula nini?"

"Getini mtakula nini?" akauliza. Hakupaza sauti. Alisema huku kucha yake inatenga.

Nikawatazama wenzangu, nikangoja wamkemee. Mimi ndiye niliyewaweka kwenye ile meza, wengine niliwaombea kazi kwa mdomo wangu huu. Yule mwenye mapacha akainamisha macho. Halafu akasukuma sinia lake, polepole, likapita mbele yangu, likaenda mwisho wa meza kwa Bambo. Mwenye mama mgonjwa akasukuma lake. Tulia alikuwa tayari amehamisha na kigoda. Mmoja mmoja, wote sita, na mimi nimekaa pale na sinia langu kama mtu aliyesusiwa harusini. Iliniuma! Iliniuma kuliko msalaba. Nikasema moyoni, thubutu, sitafundishwa kazi na mtu aliyefukuzwa kazi. Nikachambua gunia langu peke yangu, kwa jicho langu, nikachota konzi yangu, nikaona tano, nikajaza.

Jioni Mama Pole akaja na bambo, na bosi nyuma yake, na nyuma ya bosi Makonokono wote wamesimama juu ya magunia yao waone vizuri. Magunia ya wenzangu yakachomwa kwanza. Moja, mbili, sifuri, mbili, tatu, moja. Kila likitajwa mtu anashusha pumzi. Likaja gunia la Bambo mwenyewe, alilolichambua punje kwa punje mpaka macho yakamwiva. Mama Pole akahesabu. "Tatu."

Likabaki langu. Lile bambo likaingia juu, likaingia katikati, likaingia chini. Punje zikalia kwenye sahani. Mama Pole akatenga, akatenga, akatabasamu mpaka jino la mwisho likaonekana.

"Moja, dada yangu. Moja tu."

Moja! Nilisimama juu ya kigoda changu. "Mmesikia?" nikapiga kelele, na sauti ilifika getini. "Mimi moja! Yeye tatu! Mliokimbilia kule na masinia yenu, mmesikia? Aliyechambua siku nzima ana tatu, na mimi mwenye tano zangu nina moja! Nani sasa hajui kazi? Nani?"

Wenzangu wakaangalia chini. Bosi akatikisa kichwa, akasema, "Kweli, moja ni moja." Akaanza kuondoka.

Bambo akainuka mwisho wa meza, akajikung'uta vumbi la maharage kwenye kanga. Akaja mpaka kwenye gunia lake, akalifungua mdomo, akalishikilia wazi.

"Mama Pole," akasema, "choma tena. Langu na la wifi. Yote mawili."

Mama Pole akamtazama bosi. Bosi akasimama, akaona hakuna hasara, akaitikia kwa kichwa. Bambo likazama kwenye gunia la wifi. Wote tukangoja. "Mbili," akasema Mama Pole. Akazimwaga punje, akalipangusa lile bambo, akanigeukia na tabasamu lake lile lile.

"Na la kwako, dada?"

Nilikuwa nimeshashuka kwenye kigoda. Sijui nilishuka lini. Nilikuwa nimeukamata mdomo wa gunia langu kwa mikono miwili, nimeukunja, nimeukaza, na vidole vimekufa ganzi. Wenzangu sita walikuwa wananitazama, na mwenye mapacha ameweka kiganja mdomoni. Wifi naye alikuwa ananitazama. Hakuwa na furaha usoni, wala hasira, alinitazama kama alivyonitazama siku ile ya wali.

"La kwangu lishoneni," nikasema. "Leteni uzi. Lishoneni upesi."